Jiko Langu Ndilo Lililobaki na Moto

Alhamisi, Januari. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na mchana wingu moja tu lililokuja likaenda zake.

Naandika nikiwa juu ya paa bapa la tembe yetu ya udongo, maana ndani giza limeshaanza na hapa bado naona mstari. Nataka kuyapanga mambo yote kabla sijashuka. Kichwani yamechanganyika, na nikiulizwa kesho sitaki kubabaika.

Nianze na jana.

Jana alfajiri mjumbe wa mtemi alipita nyumba kwa nyumba. Hakuna asiyejua shida iliyomtuma. Mvua ilinyesha mwezi uliopita, watu wakashangilia, wakapanda uwele, ukachomoza, kisha basi. Umekauka kabla haujafika hata kwenye kifundo cha mguu. Ng'ombe wakilala hawainuki mpaka washikwe mkia na pembe. Mtemi akatuma watu kwa mganga, nao wakarudi na neno: moto wa nchi umechakaa, uzimwe wote, upekechwe mpya.

Ni desturi yetu Wagogo ya tangu zamani. Kila mwanamke anazima jiko lake, anazoa majivu yote na kwenda kuyamwaga nje ya mashamba. Nchi yote ya mtemi ikishabaki bila moto, ndipo wanaume wanapopekecha vijiti zizini kwake, na kila nyumba inachukua kijinga chake kutoka pale. Lakini jiko hata moja likibaki linawaka, vijiti havishikwi. Watu wanakaa bila moto, wanakula vibichi, wanasubiri.

Tangu jana walikuwa wananisubiri mimi.

Hapa wananiita mke wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe, Danieli wangu, askari wa boma la Wajerumani walimchukua kabla ya mavuno akabebe mizigo ya Mdachi kuelekea magharibi, na mpaka leo sijui kama anakula au ameliwa na fisi. Misheni ya Mpwapwa ndiyo iliyotutuma hapa, tena ni kwao Danieli, tukakaa tembe moja na mama yake mzazi. Tangu achukuliwe, mafundisho yote nimeyabeba mimi. Nafundisha herufi asubuhi, naongoza sala Jumapili. Misimu yote hii na hajabatizwa mtu hata mmoja. Watu wanakuja, wanakaa, wanasikiliza kwa adabu zao zote, wanasema vema, wanakwenda kuchunga.

Nilichokuwa nacho ni moto. Lazima nilieleze hili, la sivyo nitaonekana mwendawazimu kwa nilichokifanya. Jiko langu lilikuwa halizimiki. Nililichochea kwa magogo ya mgunga mchana na jioni, nikalifukia majivu wakati wa kulala, na alfajiri wanawake ambao ya kwao yamezimika walikuja na vigae vyao kuomba makaa. "Mbukwenyi," wananisalimu mlangoni, nami nachota makaa, na pamoja na makaa natoa neno. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya Injili. Nisingeweza kuwaita kanisani, lakini kwa moto walikuja wenyewe.

Na neno langu lilikuwa moja. Jinsi mama yangu, mwaka wa njaa, alivyonipeleka Mpwapwa akaniacha barazani kwa misheni, akaniambia nikae kimya, akaondoka asirudi. Jinsi wageni walivyonipa uji, na katika uji ule nikamjua Mungu. Ushuhuda huo nimeutoa mara nyingi hata naweza kuutoa huku nasonga ugali. Wanawake wameukariri. Kuna mmoja nikifika kwenye uji anaitikia kabla yangu, na mimi mwenyewe hushikwa na kicheko.

Ni Mama Chilongani peke yake aliyewahi kuniuliza swali. Ndiye jirani yangu wa ukuta, mke wa binamu yake Danieli, tembe yetu ni moja. Siku moja ameshika kigae chake mlangoni akaniuliza, "Na mama yako, yeye alipokewa na nani?" Nikamchotea makaa tu. Lakini nilifurahi sana, maana mtu anayeuliza amesikia. Kuanzia hapo nikamwekea matumaini yote. Nilimwona tayari ndani ya maji ya ubatizo, amevaa nguo nyeupe, na mzungu wa misheni ananitazama mimi kwa sifa.

Ndiyo, hata hilo la sifa naliandika.

Basi mjumbe aliposimama kwangu, nilimjibu kwa sauti ya juu ili wanawake wa pande zote wasikie. Nikasema, "Sizimi. Mvua ni ya Mungu, haikai kwenye mafiga ya mtu." Nilijisikia mrefu kuliko mlango. Mjumbe alinitazama, akatazama moshi wangu, akaenda zake bila neno. Nikamshukuru Mungu aliyefunga vinywa vya adui.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini anapepeta. Hakuinua kichwa. "Hawakugusi kwa sababu ya boma, mwanangu," alisema. "Usidhani ni kitu kingine."

Ni kweli. Upande wa kule milimani walimpiga mwalimu mmoja wa misheni, habari zikafika boma, askari wakaja wakaswaga ng'ombe wote na kuchoma tembe mbili. Kila mtu hapa anaijua habari hiyo. Mimi nilidhani nimesimama na Bwana, kumbe nimesimama nyuma ya bunduki ya Mdachi. Nilikasirika sana na Mama kwa kuniambia. Nikaongeza gogo.

Jana kutwa nzima moshi ulitoka kwangu tu. Watu walikaa milangoni. Watoto walitafuna uwele uliolowekwa na kumung'unya ubuyu. Hakuna aliyenitukana. Ningetukanwa ningefurahi, ningesema nateswa kwa ajili ya imani. Walinitazama tu na kugeuza macho, na mtoto akilia mama yake anamnyamazisha kwa upole bila kutazama upande wangu. Mama mkwe naye alizima kajiko kake ka upande wa pili na hakugusa chakula changu. Alikoroga unga kwa maji baridi akanywa.

Mama Chilongani amejifungua majuzi. Mwanamke aliyetoka kuzaa anahitaji maji ya moto, anahitaji uji, hilo halihitaji mganga wala mwalimu. Jana jioni nikapika uji mzuri, mwembamba, nikampelekea. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilijua akiupokea uji wa moto wangu, amevuka kuja upande wangu.

Hakuupokea. Midomo yake imepasuka. "Dada," akasema, "nikinywa huo, na mimi nitakuwa nimewasha."

Nikamwambia hofu yake itamuua mtoto. Nilimwambia hivyo, mwanamke mzazi, amelala chini.

"Si hofu," akanijibu. "Ni majirani."

Nikarudi kwangu nikaunywa uji mwenyewe nikiwa nimesimama. Ulikuwa mtamu.

Leo asubuhi kitoto kilikuwa kinalia upande wa pili wa ukuta. Ukuta wa tembe ni miti na udongo, unasikia hata mtu akijikuna. Nikaanza sala yangu nikakisikia. Nikaimba wimbo, nikaimba kwa nguvu, na ninajua kwa nini niliimba kwa nguvu. Nilipomaliza beti zote nikanyamaza, na kule nako kumenyamaza. Kisha kikaanza tena, lakini sauti imekuwa nyembamba, inakatika katikati. Maziwa yamekwisha. Njaa na maji baridi vimeyakausha, na mimi nimekaa ukutani na chungu cha maji yanayochemka.

Sikuomba uongozi. Sikungoja amani moyoni kama tulivyofundishwa. Nilichukua maji ya kunywa, yale niliyofukua mchangani korongoni, nikayamwaga yote kwenye moto. Jivu likanirukia usoni. Mama mkwe akaja akasimama, akaona. Alichukua ufagio, akapiga magoti, tukazoa jivu pamoja mpaka mafiga yakabaki makavu, tukalibeba kwenye ungo tukapita nalo mbele ya watu wote hadi nje ya mashamba.

Nililia njia nzima. Nisidanganye hapa: sikulia kwa ajili ya mtoto. Nililia kwa sababu nimeshindwa.

Hatujarudi nyumbani, moshi ukaonekana zizini kwa mtemi. Wanawake walikimbia na vijinga mkononi, wazee wanacheka, watoto wanapiga kelele, na kila paa likaanza kutoa moshi. Mama mkwe alikuja na kijinga chake akasimama mlangoni. "Niweke wapi, mwanangu?" Nikamwambia aweke kwake. Akaweka kwake. Mafiga yangu hayana moto mpaka sasa, wa zamani wala mpya.

Hapo ndipo lilipotokea wingu.

Lilitoka upande wa mashariki, jeusi chini, kubwa, lile lenyewe hasa. Upepo ukageuka, tukasikia harufu ya udongo uliolowa mahali. Watu wote walitoka nje. Wazee walivua nguo za mabegani kuipokea mvua. Mwanamke mmoja alipanga vyungu vyake uani, vinne vitano, akasimama katikati yake ameshika kiuno, anacheka.

Na mimi nikarudi nyuma mpaka ukutani.

Niliona yote kwa mara moja. Mvua itanyesha leo, saa chache baada ya moto mpya, na hakuna mtu katika nchi hii atakayenisikiliza tena. Wajukuu wao watahadithiwa habari ya mke wa mwalimu aliyeshikilia moto wake, alipouzima tu mbingu zikafunguka. Misimu yote, makaa yote, maneno yote ya alfajiri. Midomo yangu ikasema, na niliisikia ikisema: Bwana, isinyeshe. Isinyeshe leo. Usiniaibishe.

Uwele umekauka, ng'ombe hawainuki, na mimi nikaomba hivyo. Niliomba kwa moyo wote. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliomba kitu kwa moyo wote namna ile.

Upepo uligeuka. Wingu likajikunja likapita kusini, likatuonyesha mgongo wake, likaenda. Yule mwanamke akaanza kuingiza vyungu ndani, kimoja kimoja.

Niliingia chumbani nikalala kifudifudi. Ni Mama Chilongani aliyeniita, kupitia ukuta, kwa jina langu. Nikaenda. Alikuwa ameketi, amekunywa uji, jasho limemtoka usoni, na kitoto kinanyonya. Kinanyonya vizuri, kinameza. Kando yake kajiko kanawaka kwa moto mpya na maji yake yako juu.

Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono. Akasema, "Damari, nimelala hapa nawaza. Ulisema huzimi, ukasema kwa kelele. Kisha umezima kwa sababu ya mwanangu. Aliyekuambia uzime, huyo nataka kumjua. Ndiye yule wa uji?"

Nilichokingoja misimu yote, kimeketi mbele yangu kinanyonyesha. Ningeweza kusema ndiyo. Ningesema ndiye, tungeomba pamoja, ningeandika leo kwamba ni siku ya furaha kuliko zote tangu nije hapa. Kila neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

Lakini mkono wake ulikuwa wa moto na ananiamini, nami nilikuwa nimetoka kumwombea njaa.

Nikaona siwezi kumpa Mungu juu ya uongo. Nikadhani, mjinga mimi, kwamba nikikiri mbele yake ataona jinsi mtu mbaya anavyopokewa, na huo ndio utakuwa ushuhuda wa kweli, siyo ule wa barazani kwa misheni. Tulifundishwa kwamba dhambi iliyosemwa inafungua mlango. Kwa hiyo nikamwambia. Nikasema, "Usinisifu. Lile wingu lilipokuja, niliomba lisinyeshe."

Kule Mpwapwa neno hilo lingekuwa dhambi. Hapa lina jina lingine, na nimezaliwa Mgogo, nililijua jina hilo kabla sijajua kusoma. Nililisahau. Kwa muda ule wote wa kujifunza maneno ya misheni nilisahau mtu wa hapa anasikia nini akiambiwa hivyo.

Alitoa mkono wake taratibu. Akamfunika mtoto kichwa kwa nguo.

"Ni wewe," akasema. "Ni wewe unayeifunga mvua."

Nikaanza kueleza. Nikasema siyo dawa, ni sala, ni moyo mbaya tu, Mungu hanisikii kwa mambo ya namna hiyo. Akaniuliza, "Lakini wingu liliondoka?" Nikasema liliondoka. Akaniuliza tena, "Baada ya wewe kusema?" Nikasema ndiyo, baada. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuwa na hasira, alikuwa ananiogopa. Akaniomba nitoke ndani kwake. Aliniomba kwa heshima, "tafadhali, mama," maneno anayoambiwa mtu wa kutisha. Mpaka jana nilikuwa dada.

Hapa kwetu wanaofunga mvua hawagombezwi. Kila mtu anajua fimbo zinawafanya nini.

Mama mkwe alisikia yote, ukuta ni ule ule. Aliponiona alikuwa tayari anatia unga kwenye kibuyu. "Ondoka sasa hivi," akasema. "Nenda Mpwapwa. Wanaume wakirudi na ng'ombe, Mama Chilongani atamwambia mumewe, na mumewe atakwenda kwa mtemi. Hawatafanya kitu leo, watakaa kikao kwanza. Una nafasi."

Nikamuuliza kama na yeye anaamini kwamba mimi nimeifunga.

Alifikiri. Mama hasemi kitu bila kufikiri. "Sijui," akasema. "Lakini wewe ni mke wa mwanangu."

Nimepanda hapa juu nikiwa na kibuyu mkononi. Njia ya Mpwapwa naiona, nyeupe, haina mtu. Miguu yote inataka kwenda. Naogopa kufa, naandika wazi, naogopa fimbo na naogopa zaidi nyuso za watu ninaowajua. Wale niliowapa makaa.

Ila nimelifuata jambo hili kichwani mpaka mwisho wake. Nikifika Mpwapwa nitaulizwa kwa nini nimekimbia. Nikinyamaza watajua. Mzungu wetu ni mtu mwema, atapanda punda wake na kwenda boma kwa wema wake wote, na askari watakuja hapa. Watachukua ng'ombe waliobaki, hata wale wa kuinuliwa kwa mkia. Watachoma tembe, na mlango wa kwanza kuuliziwa utakuwa wa Mama Chilongani, kwa kuwa ndiye aliyesema. Kitoto kitalala nje. Na kila litakapotajwa jina la Yesu katika nchi hii, watakumbuka ni nani aliyekuja nyuma yake na viberiti.

Nimejaribu kuomba mvua. Nimepiga magoti hapa kwenye udongo wa paa, nikasema Bwana, inyeshe, hata leo, hata sasa. Nikasita katikati, maana sikujua ninaiomba kwa ajili ya uwele wao au kwa ajili ya shingo yangu. Ikinyesha nitapona. Nawezaje tena kuomba mvua kwa moyo safi? Hata Danieli simwombei arudi, asije akanikuta hivi au asinikute.

Hakuna wingu popote.

Wanaume wamesharudi. Naona vumbi la ng'ombe, na kule zizini kwa mtemi wanaingia wawili wawili, hawaongei. Mume wa Mama Chilongani yumo. Mama ananiita kutoka chini kwa sauti ndogo, ananiambia jua linazama, nitashikwa na giza njiani.

Nitashuka nimrudishie unga wake, maana atauhitaji. Sitakwenda Mpwapwa. Wakija kuniuliza kama niliomba vile, nitasema ndiyo, niliomba, na nilikosa. Kisha nitajaribu kuwaambia yaliyobaki, jinsi mtu mbaya anavyopokewa, kama watanipa muda.